Juni 2024 Haikuzaliwa Cairo

Hoja hii mmeisikia. Imezunguka Nairobi tangu Juni 2024: redioni, magazetini, ndani ya matatu za 46 zinazoteremka Kawangware, kwenye steji ya Kongo huko huko na katika mabaraza ya Kamukunji ya Kibera. Inasema kwamba yaliyotokea Kenya mwaka ule yalikuwa vuguvugu la nchi za Kiarabu la 2011, lililotufikia likiwa limechelewa miaka 13. Wanaoitetea serikali wanaitumia kututisha, na wanaoipinga wanaitumia kujipa moyo. Nimezisikiliza pande zote mbili na kuwasoma walioiandika kwa urefu. Hoja yenyewe haisimami. Sikatai kwamba kuna mambo yanayofanana. Ninachosema ni kwamba waliolinganisha wamechukua visivyolingana wakaacha vinavyolingana, na kwa kufanya hivyo wamewanyang'anya watu wa Kibera, Kawangware, Mathare na Mukuru historia waliyoilipia kwa damu. Nyinyi ndio mahakimu. Ninachoomba ni kila dai lipimwe kwa ushahidi wake.

Tuanze na umbo zima. Wanasema: utawala uliochokwa, vijana wasio na kazi, umati barabarani, mkuu wa nchi akatikisika, Tunisia ilikuwa hivyo, Misri ikawa hivyo, na Kenya vivyo hivyo. Basi tazameni tarehe. Zine El Abidine Ben Ali alikuwa ametawala miaka 23 alipokimbilia Saudi Arabia Januari 14, 2011. Hosni Mubarak alikuwa anakaribia miaka 30 alipoachia madaraka Februari 11 mwaka huohuo. William Ruto aliapishwa Septemba 2022, kwa hiyo Juni 2024 hakuwa ametimiza hata miaka miwili. Kijana wa Tunis alimwinukia mtu aliyemkuta Ikulu siku anazaliwa. Kijana wa Nairobi alimwinukia mtu ambaye, pengine, alimpigia kura mwenyewe miezi 22 nyuma kwa sababu aliambiwa huyu ndiye hasla mwenzake. Hizo ni hasira mbili tofauti, na hazidai kitu kimoja. Ya kwanza inataka mlango ambao haujawahi kuwapo. Ya pili inataka ahadi itimizwe.

Kenya imewahi kuwa na mtawala wa aina ya Ben Ali. Jina lake Daniel arap Moi, aliyekaa madarakani kuanzia 1978 hadi 2002, miaka 24. Na wananchi walimwinukia Julai 7, 1990, siku tuliyoiita Saba Saba. Mei 3 mwaka huo Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wamewaita wanahabari na kudai vyama vingi. Julai 4 wakakamatwa na kuzuiliwa bila kufunguliwa mashtaka, na Raila Odinga naye akazuiliwa. Mkutano waliouitisha Kamukunji, ule uwanja wa karibu na Gikomba, ulikuwa umepigwa marufuku. Watu wakaenda hivyo hivyo. Polisi wakawatawanya, na ghasia zikasambaa Nairobi, Thika, Murang'a, Nyeri, Nakuru, kwa siku kadhaa. Watu wasiopungua 20 walikufa na zaidi ya 1,000 wakakamatwa. Kama kuna siku ya Kenya inayostahili kuwekwa kando ya Januari 2011 ya Tunis, ni hiyo. Ilitangulia kwa miaka 20. Mwandishi anayetafuta mfano wa Juni 2024 akaruka hadi Cairo bila kugusa Kamukunji amepita juu ya kaburi la ndugu yake akienda kuomboleza msiba wa mbali.

Nitawapa haki yao katika jambo moja. Madai ya Juni yalianza kwa Mswada wa Fedha, yaani karatasi yenye vifungu na asilimia: ushuru wa asilimia 16 kwa mkate, asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, asilimia 25 kwa mafuta ya kupikia, ili serikali ikusanye zaidi ya shilingi bilioni 340 za nyongeza. Baada ya risasi za Juni 25 nje ya Bunge, dai likageuka kuwa Ruto aondoke. Hapo ndipo pakafanana na Cairo. Lakini angalieni mpangilio. Tahrir ilianza na dai la utawala kuanguka na ikakaa uwanjani siku 18. Nairobi ilianza na dai la sheria, na dai hilo likasikizwa siku moja baada ya risasi hizo: Juni 26 Rais alitangaza kwamba hatatia sahihi mswada ambao wabunge 195 walikuwa wameupitisha dhidi ya 106 siku iliyotangulia. Hakuna aliyepiga kambi usiku katikati ya jiji. Aliyeona Tahrir katika picha za Juni 25 alitazama moshi, hakusoma mabango.

Dai la pili ni la simu. Wanasema Misri ilikuwa na Facebook, Kenya ikawa na TikTok na X, na bila hivyo kusingekuwa na kitu. Sehemu ya dai hili ni kweli, nami sitaipunguza. Mswada ulichambuliwa kwenye simu, ukaelezwa kwa Kiswahili, Kikamba, Kiluo, Kisomali, na watu waliokuwa hawajawahi kushika mswada mkononi wakajua kifungu kipi kinagusa mfuko wao. Pesa za matibabu ya majeruhi zilichangwa kwa simu. Rais mwenyewe alilazimika kuingia kwenye mjadala wa X Julai 5 akaulizwa maswali na vijana moja kwa moja.

Lakini dai ni kwamba simu ndiyo sababu, na hapo ushahidi wa Misri yenyewe unawageuka. Usiku wa kuamkia Januari 28, 2011, serikali ya Mubarak ilikata intaneti. Siku iliyofuata umati haukupungua. Ulifurika kuliko wa siku zote zilizotangulia, na kufikia jioni polisi walikuwa wameondoka barabarani. Kama simu ndiyo iliyowatoa watu, mbona ilipozimwa walizidi? Rudini nyuma tena. Iran ya 1978 haikuwa na intaneti, lakini hotuba za Khomeini zilisafiri kwa kanda za kaseti, na waliomwangusha Shah hasa ni wafanyakazi wa mafuta waliogoma. Kenya ya 1990 ilikuwa na kanda zake pia: nyimbo za siasa zilizochezwa ndani ya matatu na kuuzwa barabarani hadi polisi wakawakamata wauzaji. Makanga wa matatu ndio waliokuwa chombo cha habari cha Saba Saba, na walieneza jambo kutoka mjini hadi mtaani. Chombo hubadilika. Anayeeleza vuguvugu kwa chombo atashindwa kueleza kwa nini wenye chombo kilekile mwaka 2021 hawakutoka.

Sasa nifike kwenye dai linaloniudhi kuliko yote, na ambalo nitakaa nalo. Linasema Juni 2024 ilikuwa ya watoto wa wenye nafasi, wenye simu nzuri na Kiingereza cha shule za kulipia, sawa na vijana wa Cairo waliohojiwa na televisheni za kigeni; watu wa mabanda hawakuwamo, au walifika mwishoni kupora. Nalieleza kwa haki: ni kweli kwamba Jumanne ya Juni 18, maandamano yalipoanza, wengi waliotembea mjini walikuwa wanafunzi na vijana wenye kazi ndogo za ofisini, na wengi ilikuwa mara yao ya kwanza kunusa gesi ya kutoza machozi. Hilo sina ubishi nalo. Lakini anayehitimisha kwamba mtaa haukuwamo ameanza kuhesabu mahali pabaya.

Anzeni Sidi Bouzid, ambako Tunisia yenyewe ilianza. Desemba 17, 2010, Mohamed Bouazizi, mwenye miaka 26, alinyang'anywa bidhaa na mizani na maofisa wa manispaa. Alikuwa akiuza matunda na mboga kwa mkokoteni. Akajichoma moto mbele ya ofisi ya gavana, akafa Januari 4. Hapa kwetu tungesema alikamatwa na kanjo. Hakuna mchuuzi wa Kawangware anayehitaji kuelezwa kisa hiki. Basi ikiwa kuna kitu cha Tunisia kinachofanana na Nairobi, ni mkokoteni ule, na waliolinganisha wameuacha wakachukua simu.

Halafu linganisheni mambo mawili ambayo sijaona yeyote akiyaweka pamoja. Mei 1990, wiki sita hivi kabla ya Saba Saba, askari wa jiji na tingatinga walivunja mtaa wa Muoroto, karibu na kituo cha mabasi cha Machakos, na wakazi wakapambana nao. Mei 2024, wiki chache kabla ya Juni 25, baada ya mafuriko yaliyoua zaidi ya watu 200 nchini, serikali iliwaamuru waliokaa kando ya mito wahame, na tingatinga zikaingia Mathare na Mukuru. Watu waliokuwa bado wanakausha magodoro walibomolewa walichobakisha, wakaahidiwa shilingi 10,000 kwa kila familia. Sisemi tingatinga peke yake lilizaa maandamano. Ninasema mara mbili, kwa umbali wa miaka 34, jiji hili limewabomolea maskini nyumba mwezi Mei na kushangaa kuona hasira kabla ya Julai kwisha. Mswada wa Fedha ulipofika na ushuru wa mafuta ya kupikia, haukukuta watu waliotulia.

Na kuna ushahidi mzito zaidi. Julai 2023, mwaka mmoja kabla, mitaa hiyohiyo iliandamana dhidi ya Sheria ya Fedha. Ile ya 2023 ilikuwa imepandisha ushuru wa VAT wa petroli na dizeli kutoka asilimia 8 hadi 16 na kukata asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba. Waliotoka waliitwa na Azimio, muungano wa upinzani wa Raila, ndiyo, na ndani ya madai mlikuwamo pia la kura za 2022. Lakini dai la gharama ya maisha lilikuwa lilelile, na ushuru ulikuwa uleule. Kibera ilifungwa kwa moshi. Julai 12, zaidi ya watoto 50 wa Shule ya Msingi ya Kihumbuini, Kangemi, walikimbizwa hospitalini baada ya gesi kuingia madarasani. Makumi ya watu waliuawa kwa risasi katika maandamano ya mwaka huo. Je, kuna aliyeandika kwamba vuguvugu la nchi za Kiarabu limefika Kangemi? Hakuna. Ziliitwa fujo za wafuasi wa Raila, na wengi wakasema wazi kwamba ni fujo za Wajaluo. Mwaka mmoja baadaye gesi ileile ilipofika Kimathi Street, jambo likapewa jina kubwa la historia ya dunia. Msemaji anayesema watu wa mabanda hawakuwamo anapaswa kwanza kueleza kwa nini walipokuwamo peke yao hakuwaona.

Dai la nne linafuatana na hilo: kwamba 2024 ilikuwa mara ya kwanza Wakenya kuinuka bila kiongozi, bila chama, bila kabila. Kauli hiyo vijana waliisema wenyewe na waliimaanisha, nami naiheshimu. Kama shabaha, ni njema. Kama maelezo ya historia, haina ukweli. Julai 7, 1990, viongozi wote watatu niliowataja walikuwa kizuizini. Vyama havikuwapo kisheria isipokuwa KANU. Waliofika Kamukunji hawakuwa na jukwaa wala kadi. Kuhusu kabila lazima niwe mkweli: ghasia za 1990 zilikolea zaidi Nairobi, mkoa wa Kati na Nakuru, na FORD, kundi la upinzani lililozaliwa Agosti 1991, lilivunjika vipande viwili kabla ya uchaguzi wa Desemba 29, 1992, kipande cha Jaramogi na kipande cha Matiba, Moi akashinda kwa kura zisizofika asilimia 40. Hilo si jambo la kuficha. Ni onyo, tena lenye manufaa kuliko onyo lolote kutoka Misri, kwa sababu linahusu ugonjwa wetu wenyewe. Kawangware inaujua. Oktoba 27, 2017, siku moja baada ya uchaguzi wa marudio, majirani walipigana hapo kwa misingi ya kabila na watu wakafa. Anayesema kabila liliisha Juni 2024 na awaulize wenye vibanda waliochomewa mwaka ule kama wanaamini kitu kilichochukua miaka mingi kujengwa kimeyeyuka kwa wiki mbili.

La tano, mkono wa kigeni, nitalipita haraka kwa kuwa halina mwili. Wanasema vuguvugu la Kiarabu lilifadhiliwa nje, na la Kenya pia. Julai 2024 Rais alilitaja hadharani shirika la Ford Foundation, nalo likakana. Hoja hii ni ya zamani kuliko intaneti. Serikali ya Moi iliwalaumu mabalozi na wageni mwaka 1990, na waandamanaji ikawaita wahuni na watumizi wa dawa za kulevya. Ben Ali naye alilaumu wageni. Lakini linalonishangaza ni jinsi dai hili linavyopingana na lenzake. Walewale waliosema vijana wamelipwa na wageni ndio waliosema serikali imewasikiliza wananchi ikauondoa mswada. Ikiwa sauti ilikuwa ya wageni, kwa nini Rais aliitii? Na ikiwa ilikuwa ya wananchi, kwa nini Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imeshahesabu maiti 39 kufikia Julai 1? Wachague jibu moja.

Lipo dai lingine lenye sura ya heshima, nalo nalijibu kwa heshima. Linasema: Waarabu hawakuwa na njia ila barabara, kwa kuwa kura zao zilikuwa za uongo; sisi tuna Katiba ya 2010, tuna mahakama iliyowahi kufuta uchaguzi wa rais, Septemba 1, 2017; basi asiyeridhika angoje 2027. Nusu ya kwanza ni kweli na ni ya kujivunia. Nusu ya pili haifuati. Katiba hiyohiyo, kifungu cha 37, inampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha, na haikuandika kwamba haki hiyo inalala kati ya uchaguzi na uchaguzi. Kifungu cha 118 kinalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kutunga sheria. Sheria ya Fedha ya 2023 ilitupwa na Mahakama ya Rufaa Julai 31, 2024, kwa upungufu huohuo wa kushirikisha umma. Mahakama ya Juu ikaibatilisha hukumu hiyo Oktoba 29. Majaji wenyewe walitofautiana, kwa hiyo mwananchi aliyeuliza swali lilelile barabarani hakuwa mhaini. Na kumbukeni Katiba hii ilitoka wapi. Haikuandikwa na watu waliongoja. Ilianzia Saba Saba, ikapitia mgomo wa njaa wa akina mama Uhuru Park mwaka 1992, ambapo Wangari Maathai alipigwa akapoteza fahamu, ikapitia Saba Saba ya 1997, ikapitia vifo 1,133 ambavyo tume ya Jaji Waki ilivihesabu baada ya uchaguzi wa 2007, 405 kati yake kwa risasi. Anayeitumia Katiba kuwakataza watu barabara anaitumia dhidi ya waliomletea.

Nimebakiza hofu kubwa: Sudan. Dai ni hili: mwangalie jirani. Khartoum walitoka Desemba 2018 wakilia bei ya mkate, Aprili 11, 2019 wakamwondoa Omar al-Bashir, na leo nchi ni magofu. Kwa hiyo, Mkenya, kaa nyumbani. Hofu hii siidharau. Kibera inaielewa kuliko mtaa wowote wa Nairobi, kwa kuwa Wanubi walioianzisha ni wazao wa askari wa Kisudani wa jeshi la Waingereza, na ilibidi wangoje hadi Juni 2017 ndipo wapewe hati ya ekari 288 za ardhi waliyokaa kwa zaidi ya karne. Lakini dai lenyewe linafuta mkosaji. Vita ya Aprili 15, 2023 haikuanzishwa na wauza chai wa Khartoum wala wanafunzi. Ilianzishwa na majenerali wawili, Abdel Fattah al-Burhan na Mohamed Hamdan Dagalo, waliopindua serikali ya mpito pamoja Oktoba 25, 2021 na kisha wakagombania walichokipora. Jeshi la Dagalo, RSF, liliundwa na Bashir mwenyewe mwaka 2013 kutokana na wanamgambo wa Darfur. Yaani ugonjwa ulitengenezwa na utawala ulioangushwa. Wananchi ndio waliojaribu kuuponya, wakauawa Juni 3, 2019 katika uwanja walioketi mbele ya makao makuu ya jeshi.

Tena Sudan haikuanza 2018. Oktoba 1964 Wasudani walimwondoa Jenerali Ibrahim Abboud kwa mgomo na maandamano. Aprili 1985 wakamwondoa Jaafar Nimeiri kwa njia hiyohiyo. Mara zote mbili vyama vya madaktari, wanasheria, wafanyakazi na wanafunzi ndivyo vilivyobeba kazi, na mara zote mbili demokrasia iliyopatikana ilikatwa na mapinduzi ya kijeshi, 1969 na 1989. Anayeulinganisha mwaka 2019 na 1964, kama Wasudani wenyewe wanavyofanya, anaona kwamba kinachoirudisha Sudan nyuma ni jeshi lenye mkono katika siasa na biashara, si umma wenye sauti. Kenya, tangu jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, jeshi halijajaribu tena kutwaa madaraka. Juni 25, 2024 lilitangazwa kuwasaidia polisi, na hiyo ilikuwa amri ya serikali, si matakwa ya waandamanaji. Chama cha Wanasheria kilikimbilia mahakamani kuipinga siku zilezile. Nani basi alikuwa akiisogeza Kenya karibu na Khartoum?

Na Februari 2025, serikali iliyokuwa ikiwaonya vijana kuhusu Sudan iliwapokea wajumbe wa RSF katika ukumbi wa KICC, Nairobi, kisha wakatia sahihi jijini mkataba wa kuunda serikali yao. Wizara yetu ya Mambo ya Nje ilisema inatoa nafasi ya mazungumzo. Mimi nasema huwezi kumtisha mtoto wa Kibera kwa jina la Sudan huku ukimpa kiti mmoja wa walioiteketeza.

Dai la mwisho linatoka kwa marafiki, wale waliochoka. Wanasema: Tunisia walishinda, sisi tulishindwa; Ruto yuko Ikulu, baraza lililovunjwa Julai 11, 2024 lilirudi likiwa na watu wa ODM, chama cha Raila, ndani yake, watu walitekwa nyara, Saba Saba ya 2025 ikaua watu 31 kwa hesabu ya Tume ya Haki za Binadamu siku iliyofuata. Yote hayo ni kweli. Lakini kipimo chao hakifai. Tunisia ilishinda kwa siku 28, ikapata katiba nzuri 2014, vyama vyake vya kiraia vikapewa Tuzo ya Nobel ya Amani 2015, na Julai 25, 2021 Kais Saied akasimamisha Bunge, mwaka uliofuata akajiandikia katiba yake. Misri ilishinda kwa siku 18, na Julai 2013 jeshi likarudi. Sasa pimeni Saba Saba kwa macho ya Agosti 1990: Matiba kizuizini, Moi imara, waliokufa wamezikwa. Mtu yeyote mwenye akili angesema imeshindwa. Miezi 17 baada ya Julai hiyo, Desemba 1991, kifungu cha 2A, kilichoruhusu chama kimoja tu, kiliondolewa na vyama vingi vikarudi. Si kwamba barabara ilifanya peke yake. Wafadhili walikuwa wamesimamisha misaada Novemba. Lakini wafadhili hao walikuwa wamemlipa Moi miaka yote kabla ya watu kufa.

Kwa hiyo hukumu ninayoiomba ni hii: mfano wa Kiarabu uondolewe mezani kama maelezo ya Juni 2024, na nafasi yake ichukuliwe na 1990, 2017 na 2023. Serikali yenyewe imekiri nusu ya jambo. Agosti 2025 Rais aliunda jopo la fidia kwa waathiriwa wa maandamano, na hesabu yake ikaanzia 2017. Maana yake hata Ikulu inajua Juni haikuanza Juni. Waliouawa Julai 1990 hawamo katika hesabu hiyo. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyochunguza kuanzia 1963 hadi 2008, iliwasilishwa Mei 2013 na kupendekeza fidia. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni na kuahidi hazina ya shilingi bilioni 10. Atakayekuja Kongo au Kibera kuomba kura mwaka 2027, awe wa serikali au wa upinzani, muulizeni kabla hajashuka kwenye gari: ile ripoti ya 2013 utaifanyia nini, na fidia utaihesabu kuanzia mwaka gani?